Kondoa mjini: ramani inasema giza tupu, mbona anga la jioni limepauka?

Mwl_Fizikia_Irangi

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kitaalamu kwa ajili ya klabu ya sayansi ya sekondari, wanafunzi kama 30, hapa Kondoa mjini. Vifaa vilivyopo: darubini ya kioo ya milimita 130 yenye f/5, darubini mbili za mkono 10x50, na kamera moja ya DSLR yenye lenzi ya 18-55.

Ramani za uchafuzi wa mwanga zinaonyesha Kondoa ni kitone kidogo, na ukitoka kilomita chache ni giza tupu. Lakini ukisimama uwanja wa shule saa 2 usiku mwezi huu wa Julai hali ni hii:

1. Njia Nyeupe (ukanda wa nyota za galaksi yetu) inaonekana juu kichwani, ila chini upande wa kusini inafifia kabisa.
2. Magharibi kuna weupe mrefu unaopanda juu. Kumefungwa taa mpya za sola barabarani, watu wanasema ndizo.
3. Wingu Kubwa la Magellan (galaksi ndogo jirani, huonekana kama doa jeupe) halionekani kabisa, hata kwa darubini ya mkono.

Maswali: je, taa ndizo tatizo, au ni vumbi, au ni kitu kingine? Twende wapi ndani ya kilomita 25 tukiwa na gari moja? Na tunapimaje giza bila kununua kifaa cha bei? Kuna anayesema twende Kolo kwenye michoro ya miambani kwa sababu ni juu na kuna giza. Naomba kuwasilisha.

---

kilimia_na_jabari

Mwalimu, matatu uliyoyaandika yana sababu tatu tofauti, na mojawapo haihusiani na mwanga wala vumbi.

Nianze na la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Wingu Kubwa la Magellan, Julai saa 2 usiku, liko chini ya upeo wa macho. Kondoa iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, na wingu hilo liko nyuzi 69 kusini, kwa hiyo hata likifika kileleni halipandi zaidi ya nyuzi 26. Katikati ya Julai linachomoza kama saa 9:30 usiku, na alfajiri inaanza kupauka saa 11:30 likiwa bado chini sana. Msilitafute sasa. Katikati ya Septemba saa 11 alfajiri litakuwa nyuzi 24 hivi, na katikati ya Oktoba litafika kileleni kama saa 10:30 alfajiri, kabla hakujapambazuka. Jioni linakaa vizuri Desemba mpaka Februari, ila huo ndio wakati wa mvua kwenu.

Weupe wa magharibi: kabla ya kulaumu taa za sola, pimeni umbo na mwendo wake. Mwanga wa mji una umbo la kuba, mpana chini, umekaa palepale saa 2, saa 4 na saa 8. Mnachokiona kikiwa na umbo la pembetatu ndefu iliyochongoka juu, imelala kwenye njia wanayopita mwezi na sayari, na kikizama pamoja na nyota hadi kutoweka kufikia saa 4 au saa 5, huo ni mwanga wa zodiaki. Ni vumbi lililo kati ya sayari, linaangazwa na jua. Nchi za kaskazini wanauona vizuri majira fulani tu kwa sababu huko njia ya jua hulala. Karibu na ikweta njia hiyo inasimama wima mwaka mzima, kwa hiyo unaonekana miezi yote mbingu ikiwa safi. Upande wa mashariki kabla ya kucha ndio alfajiri ya uongo: aliyesoma fiqhi ya swala anajua kwamba ile husimama wima kama nguzo, na alfajiri ya kweli hutanda kulia na kushoto.

Namna ya kuhakikisha: chukueni dira, andikeni mwelekeo wa katikati ya weupe huo saa 2:15 usiku na urefu wake kwa ngumi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni nyuzi 10 hivi. Rudieni saa 3:15. Mwanga wa mji hausogei. Na kama ni wa zodiaki, basi furahini, kwa sababu kwenye anga lililochafuka sana hauonekani.

Msianze kupima mapema. Julai kwenu jua linazama kama saa 12:40 jioni, lakini giza kamili, yaani jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, linakuja kama saa 1:55 usiku. Kabla ya hapo magharibi lazima pawe peupe.

Lililobaki ni kusini, nalo ni la hewa. Nawaachia wengine.

---

vumbi_na_moshi

Nadakia hapo kwenye kusini.

Kadiri unavyotazama chini ndivyo mwanga wa nyota unavyopita kwenye hewa nyingi zaidi. Ukitazama juu kichwani unapita unene mmoja wa hewa. Nyuzi 25 juu ya upeo ni unene kama 2.4. Nyuzi 10 ni kama 5.6. Kwenye mwinuko wa Kondoa, mita 1,400 hivi, hewa safi inakula magnitudo (kipimo cha mwangaza wa nyota, namba kubwa ni nyota hafifu) 0.15 hadi 0.2 kwa kila unene mmoja. Kwa hiyo nyota iliyo nyuzi 10 inapoteza kama magnitudo moja, na hilo halizuiliki. Vumbi likiwa angani upotevu unaweza kufika 0.5 kwa unene mmoja, na nyota hiyohiyo inapoteza karibu magnitudo 3. Hapo Njia Nyeupe inakatika kama imefutwa, hata pasipo taa moja.

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika hewa imeoshwa na ardhi bado ina majani, kwa hiyo kuanzia katikati ya Mei mpaka mwanzo wa Julai ndipo mbingu ni safi kuliko wakati wote wa mwaka. Kuanzia Julai upepo unakaza na mashamba yako wazi. Agosti hadi Oktoba unaongezeka moshi wa kuchoma mashamba na nyika. Moshi huo unatanda chini na jioni hewa ikipoa unatulia mabondeni, na mji wa Kondoa uko chini ukilinganisha na milima ya Irangi. Kupanda mita 200 au 300 tu juu ya bonde kunaweza kuwatoa nje ya tabaka hilo.

Kipimo cha haraka mchana: ziba jua kwa kidole gumba mkono ukiwa umenyooka, bila kulitazama jua lenyewe, uangalie anga pembeni mwa kidole. Buluu iliyokolea hadi karibu na kidole, usiku utakuwa mzuri. Weupe wa maziwa unaoenea upana wa kiganja au zaidi, kuna vumbi. Usiku huo tazameni sayari na mwezi, vitu hafifu muache.

Watu huchanganya uwazi wa hewa na utulivu wa hewa. Baada ya upepo wa jioni wa Julai anga linaweza kuwa jeusi na safi kabisa, huku Zohali anachemka ndani ya darubini. Vitu vikubwa na hafifu kama nebula (mawingu ya gesi kati ya nyota) na mawingu ya Magellan vinataka uwazi. Sayari zinataka utulivu, nao mara nyingi unakuja baada ya saa 6 usiku upepo ukilala.

---

jabali_la_kolo

Mimi ndiye napendekeza Kolo na bado nasimama hapohapo. Ni kilomita 20 na ushei kwa lami njia ya Babati, ni juu kuliko Kondoa mjini, taa ni chache, na wanafunzi wanaweza kuona michoro mchana (ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006) kisha nyota usiku. Ila mlipie kiingilio mapema na msikae kwenye miamba yenyewe usiku. Ombeni kiwanja cha shule au uwanja wa kijiji.

---

kilimia_na_jabari

Kolo ni pazuri, ila kwa kazi anayoitaka mwalimu ina kasoro moja: iko kaskazini mwa mji. Ukiwa Kolo, mwanga wa Kondoa unakaa kusini yako, na vitu tunavyojivunia ukanda huu viko kusini chini. Katikati ya Msalaba wa Kusini haipandi zaidi ya nyuzi 35. Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota, inafika nyuzi 47. Mawingu ya Magellan nyuzi 26 na 22. Unaweka kuba la mwanga chini ya kitu unachotaka kukitazama.

Afadhali kwenda kusini, njia ya Chemba na Dodoma, mji ubaki nyuma yenu upande wa kaskazini. Kaskazini chini hamna cha kupoteza sana; Nyota ya Kaskazini yenyewe kwenu haionekani.

Kuhusu umbali, kuna kanuni ya Walker ya miaka ya 1970, inakadiria mwanga wa mji kwenye nyuzi 45 upande wa mji huo. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa 0.01, gawanya kwa umbali wa kilomita uliopandishwa kwa kipeo cha 2.5. Tuseme taa za mji ni za watu 20,000:

kilomita 5: ongezeko la zaidi ya mara tatu na nusu ya mwanga wa asili wa anga
kilomita 10: asilimia 63
kilomita 15: asilimia 23
kilomita 20: asilimia 11
kilomita 25: asilimia 6

Walker aliipata kwa miji ya California, ambako taa kwa kila mtu ni nyingi mno kuliko kwetu, kwa hiyo kwa Kondoa namba hizi ni za juu. Zingatieni jinsi zinavyoshuka. Kutoka kilomita 5 kwenda 15 faida ni kubwa mno. Kutoka 15 kwenda 25 mnachoma mafuta kwa faida ndogo. Kilomita 12 hadi 15 kusini, nyuma ya kilima, zinatosha kwa darubini ya milimita 130.

Dodoma je? Sensa ya 2022 iliipa jiji watu 765,179, na kwa mstari ulionyooka iko kama kilomita 140. Kanuni inatoa asilimia 3, jicho haliwezi kuitambua kwenye nyuzi 45. Usiku wenye hewa safi mnaweza kuona doa hafifu chini kabisa kusini, nyuzi 2 au 3 tu. Halifiki kwenye Msalaba.

---

jabali_la_kolo

Hoja ya kusini nimeikubali kwa ajili ya darubini. Kwa safari ya kwanza ya wanafunzi wasiojua makundi ya nyota ya Nge na Mshale yakoje, Kolo bado inafaa, maana Julai kitovu cha Njia Nyeupe kinapita nyuzi 66 juu, kama saa 5 kasoro usiku. Huko juu mwanga wa Kondoa haugusi.

---

kilimia_na_jabari

Hapo sina ubishi.

---

fundi_taa_255

Mwalimu ameuliza kuhusu taa za sola, naona wote wamezikwepa. Mimi ni wa upande wa taa.

Mji mdogo unakuharibia usiku kwa njia mbili. Kwanza ni mwanga unaopanda angani na kurudi, hilo kuba mlilokokotoa. Pili ni taa inayokupiga jichoni moja kwa moja, na kwa mji kama Kondoa hii ndiyo inayouma zaidi. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na taa moja ya dukani iliyo mita 200 inatosha kulirudisha nyuma kila ukigeuka. Kwa hiyo uwanjani kwenu kazi ya kwanza ni kujikinga na taa zinazoonekana, wala haihitaji safari. Ukuta wa darasa, turubai lililofungwa kwenye nguzo mbili kwa urefu wa mita 2, hata lori likiegeshwa vizuri. Simama mahali ambapo hakuna balbu hata moja unayoiona kwa macho. Utapata nyota ambazo mlidhani hazipo.

Sasa taa zenyewe. Angalieni mkono unaoshika taa ya sola. Nyingi zinafungwa zimeinuka nyuzi 15 hadi 30 ili "zifike mbali". Sehemu ya mwanga inapita juu ya barabara, inaingia madirishani na angani, na dereva anayekuja anapigwa usoni. Kioo kikiwa kimelala sambamba na ardhi hakuna kinachokwenda juu. Kuinamisha ni spana na ngazi tu. Tahadhari: kama paneli na taa ni kipande kimoja, ukiibadilisha pembe unabadilisha na mwinamo wa paneli. Karibu na ikweta paneli iliyolala inapata jua vizuri, tatizo ni vumbi kutuama na maji ya mvua kutotiririka, kwa hiyo acheni mwinamo wa nyuzi 5 na ifutwe mara kwa mara kiangazi.

Rangi: zile nyeupe zenye ubuluu ni kelvini 5000 hadi 6500. Mwanga wa buluu unatawanywa na hewa safi zaidi sana kuliko wa njano, ndiyo maana lumeni zilezile za taa nyeupe zinapausha anga kuliko za 3000 au 2700. Anayenunua aangalie namba hiyo kwenye boksi.

Prajekta za madukani, vituo vya mafuta na nyumba za ibada ndizo mbaya kuliko za barabarani. Prajekta ya LED ya wati 50 inatoa lumeni 4,000 hadi 5,000. Mbele ya duka la upana wa mita 6 panatosha wati 10 hadi 15, kioo kikielekezwa chini kabisa, ikifungwa mita 3 juu. Kihisi cha mwendo kikikaa mita 2.5 hadi 3 kinashika mtu vizuri; juu ya hapo kinaanza kukosa.

Mwenye duka hatajali nyota, ila anajali luku. Wati 50 kwa saa 12 ni uniti 0.6 kwa usiku, uniti 18 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo D1 (daraja la umeme la watumiaji wadogo), yenye uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, taa hiyo moja inameza karibu robo. Ya wati 10 inakula uniti 3.6. Anzeni na hesabu hiyo.

Kinga ya bati: kipande cha geji 30, kikunjwe kitokeze sentimita 20 hadi 30 mbele ya ukingo wa juu wa prajekta, ndani kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Msizibe mapezi ya nyuma yanayopoza, taa itaungua ndani ya miezi.

Za barabara msiziguse wenyewe. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, za mitaa TARURA, na halmashauri. Pelekeni barua yenye picha: taa ngapi, nguzo zipi, zimeinuka nyuzi ngapi (programu ya pimamaji kwenye simu inasoma pembe), na ombi moja tu la kulaza vichwa. Mkiomba zizimwe mtakataliwa, na kwa haki.

---

Mwl_Fizikia_Irangi

Shukrani sana wakuu. Umbo la magharibi kwa maelezo haya ni la zodiaki kabisa, limechongoka na linaegemea njia ya sayari. Tutapima kwa dira.

Bado mawili. Kupima giza bila kifaa. Na je, chujio za kupunguza mwanga wa mji zinazowekwa kwenye lenzi ya jicho zinafaa? Kuna muuzaji anazinadi mtandaoni.

---

namba_hazidanganyi

Chujio kwanza: hela yenu iacheni mfukoni. Zile zilitengenezwa kukata mistari michache ya taa za sodiamu na zebaki. LED inatoa mwanga wa rangi zote mfululizo, hakuna mstari wa kukata. Chujio cha UHC au OIII, vinavyopitisha rangi chache tu za mwanga wa gesi, kinasaidia nebula zinazotoa mwanga huo, kama M8 (M ni namba ya orodha ya Messier ya vitu vya angani), hata chini ya LED. Kwa galaksi na vishada vya nyota hakuna chujio kinachosaidia, kinapunguza tu. Na kwa milimita 130 picha inakuwa nyeusi mno kwa mwanafunzi asiyezoea.

Kuhusu ramani, kabla hamjaiamini wala kuikataa, jueni inapima nini. Atlasi ya dunia inayotumika kwenye tovuti nyingi ilichapishwa 2016 kwa data za satelaiti za 2014, na inakokotoa mwanga wa juu kichwani tu. Haisemi lolote kuhusu nyuzi 20 juu ya upeo. Tabaka jingine ni la VIIRS (kihisi cha mwanga kilicho kwenye satelaiti), linalosasishwa, lakini satelaiti hiyo inapita kama saa 7:30 usiku, maduka yakiwa yamefungwa na prajekta nyingi zimezimwa. Kisha macho yake yanaanzia nanomita 500, wakati kilele cha buluu cha LED nyeupe kiko kwenye 450. Mji ukibadilisha sodiamu kuwa LED nyeupe unaweza kuonekana umepungua mwanga kwenye ramani huku anga limepauka zaidi.

Kupima bila kifaa, kwa Julai tumieni ngazi ya vitu vitatu karibu na mkia wa Nge na Mshale, vyote vikiwa juu kati ya saa 3 na saa 6 usiku. M7 ni magnitudo 3.3, inaonekana hata mjini kwa jicho tupu. M6 ni 4.2. M22 ni 5.1, doa dogo la duara. Mwanafunzi akae gizani nusu saa, kisha aseme anaona lipi kwa jicho tupu, bila kuambiwa liko wapi hasa. Mwenzake awe na ramani. M22 ikionekana bila kubabaisha, mahali hapo panawatosha. Kuanzia Oktoba jioni badilisheni, hesabuni nyota za kishada cha Kilimia: sita ni kawaida, tisa au zaidi ni giza zuri na macho mazuri.

Kipimo kingine ni mawingu. Kwenye giza la kweli wingu linaonekana kama shimo jeusi katikati ya nyota. Wingu likionekana jeupe au la njano chini upande mmoja, huko ndiko mwanga unakotoka. Usiku wenye mawingu machache kwa hiyo unafaa kwa upimaji, msiuache.

Kamera inafanya kazi kubwa zaidi. Lenzi kwenye 18, f/3.5, ISO 1600, sekunde 30, faili ghafi, mizani ya nyeupe ifungwe 4000 kelvini ili isijibadilishe. Weka usawa wa nyuzi 30 kwenye stendi, piga kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, na moja juu kichwani. Msibadilishe chochote kati ya picha. Nyota zitavuta mikia kidogo, haidhuru, mnapima anga. Rudieni kila eneo jipya kwa mipangilio ileile kisha mlinganishe thamani ya wastani ya kipande cha anga kisicho na Njia Nyeupe. Picha yenye thamani mara mbili ina anga lenye mwanga mara mbili, mkitumia faili ghafi kabla haijaguswa na programu, na mkitoa kwanza thamani ya msingi ya kamera. Hiyo mnaipata kwa kupiga picha moja na kifuniko cha lenzi.

Siku mkiweza kuazima kipima giza cha SQM: kielekezwe juu, taa zote zizimwe, chukueni vipimo vitano, cha kwanza mkitupe. Anga la asili lisilo na taa linasoma karibu 22, na namba ikishuka anga lina mwanga zaidi. Ila Julai Njia Nyeupe ikiwa juu kichwani kipimo kinashuka kwa sehemu kadhaa za kumi bila uchafuzi wowote. Pia mzunguko wa sasa wa shughuli za jua (madoa na milipuko yake) ulifika kilele 2024, na miaka ya karibu na kilele hewa ya juu yenyewe inang'aa zaidi. 21.6 kijijini isiwashtue.

---

kilimia_na_jabari

Naongeza la ratiba, maana klabu nyingi zinaharibu hapo. Tumieni kalenda ya Hijria, Kondoa kila duka linayo. Tarehe 26 mpaka tarehe 3 ya mwezi unaofuata mna giza karibu usiku kucha. Tarehe 4 hadi 7 mwezi upo jioni, subirini uzame. Tarehe 15 unachomoza jua likizama, kisha unachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo tarehe 20 mna giza kuanzia saa 1:55 mpaka karibu saa 5 usiku. Kwa wanafunzi hiyo ndiyo nzuri kuliko zote: wanamaliza vitu hafifu mapema, mwezi unachomoza, wanautazama kwa darubini, wanarudi kulala.

---

vumbi_na_moshi

Na mambo madogo ya uwanjani.

Tochi za simu zikusanywe, zibaki mbili tu zenye stika nyekundu ya taa za nyuma za gari, tabaka mbili au tatu hadi uone mistari ya ramani kwa shida. Karatasi nyekundu moja ya zawadi haitoshi, inapitisha mwanga mweupe. Gari liegeshwe likiangalia njia ya kutokea, taa ya ndani izimwe kabla milango haijafunguliwa.

Mei na Juni usiku kuna baridi na umande. Kateni godoro jembamba la mazoezi, mlifunge kwenye mdomo wa darubini litokeze kama sentimita 20, yaani mara moja na nusu ya upana wa kioo. Kiangazi shida ni vumbi: kioo kisifutwe kwa kitambaa wala tisheti, pulizeni kwa pampu ya mpira, na kifuniko kirudi kila darubini inapopumzika.

Darubini itolewe nje mapema, saa 1 jioni, kioo kipoe kabla ya kutazama.

Taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji siku mbili kabla, mkitaja saa na idadi ya watu. Mwanga mwekundu unaotembea porini saa 4 usiku unatafsiriwa kama wizi wa mifugo. Kusini-magharibi mwa mji kuna Pori la Akiba Swagaswaga, huko msikaribie usiku. Chagueni uwanja wa mpira uliofyekwa, fisi na nyoka wote wanaonekana mapema, na upeo wa kusini unakuwa wazi.

---

Mwl_Fizikia_Irangi

Tumeelewana. Hijria 26 tunakwenda kusini, kilomita 13 hivi njia ya Chemba, kuna uwanja wa shule ya msingi, kilima kiko upande wa mji. Kilima chenyewe kinaonekana kifupi lakini, je, kinatosha kuziba?

---

namba_hazidanganyi

Pimeni kwa ngumi mkiwa uwanjani. Nusu ngumi ni nyuzi 5, na kwa umbali huo inaziba taa zote na sehemu yenye mwanga mkali ya kuba. Kilima cha mita 80 kilicho kilomita moja kutoka mliposimama kinatoa nyuzi 4.6. Kikiwa chini ya nyuzi 2, sogeeni kukikaribia mpaka kionekane kirefu zaidi, mradi msipoteze upeo wa kusini.